Mafuta ya kokwa za ngazi: unga wake unarudi kazini mara ngapi?

Ndugu wanachama wa Makobola, tukikamua mawese tunabaki na maganda ya kokwa na mikungu mitupu. Je, inaweza kutoa mafuta ya motere? Ndiyo. Ukiichoma kwa karibu 500°C bila hewa, inatoa moshi. Ukipoa, unakuwa mafuta meusi. Lakini yana maji na asidi, yanakula chuma. Ndiyo maana moshi unapitishwa kwanza kwenye zeoliti, unga wenye vitundu vidogo sana, uliotiwa nikeli au zinki, ili kupunguza asidi hiyo.

Shida ni hii: vitundu vinaziba masizi. Tunayachoma kwa hewa, 500 hadi 600°C, na unga unarudi kazini. Lakini si milele. Moto ukizidi, vitundu vinabomoka. Na potasi ya majivu haitoki kwa kuchoma.

Kwa hiyo, mtu akituletea mashini, tusiulize bei tu. Tuulize: unga unarudi kazini mara ngapi, na mpya utatoka wapi? Akikosa jibu, feza ya koperative ibaki sandukuni.

Mikungu tuirudishe shambani: potasi inayoharibu unga ndiyo chakula cha ngazi.