Utangulizi: Namba ya Gari ni ya Anayeisoma

Sheria inasema kwa ufupi: chombo cha moto kisajiliwe, na namba yake ionekane. Vitabu vingi vya usalama barabarani huishia hapo, kana kwamba jambo limekwisha. Kwetu ndipo linapoanza. Ionekane kwa nani? Kutoka umbali gani, saa ngapi, na kwa macho ya nani? Msomaji unayeingia katika taaluma hii kwa mara ya kwanza, karibu. Si lazima uwe mwanasheria wala fundi. Wahitaji tu kukubali kwamba kile kibao cha bati kilichofungwa kwa skrubu mbili ni hati ya umma, na kwamba hati hubatilika pale isiposomeka.

Mifano yangu mingi nimeichukua Maisaka, katika mji wa Babati, na kwa sababu nzuri. Babati ni njia panda. Kaskazini unakwenda Arusha, kusini Kondoa na Dodoma, magharibi Singida. Tangu mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na hasa baada ya lami ya Dodoma–Babati kukamilika mwaka 2018, malori na mabasi ya masafa yanapita mji huu huu wanakofanyia kazi bodaboda wa mitaani. Kwa hiyo mtu wa Maisaka huona karibu kila aina ya namba iliyopo nchini bila kusafiri: nyeupe ya biashara, ya njano ya mtu binafsi, MC ya pikipiki na bajaji, SM ya serikali za mitaa, SU ya mashirika ya umma, DFP ya miradi ya wafadhili, PT ya polisi. Hakuna aliyemfundisha darasani, lakini anazisoma zote.

Anasoma na zaidi ya hapo. Mwambie muuza magari yeyote Tanzania kwamba una gari, atakuuliza, “Namba gani?” Ukijibu “namba D”, ameshakadiria lilisajiliwa lini na bei yake itaanzia wapi, kwa kuwa herufi tatu za mwisho hutolewa kwa mfuatano, kutoka A kwenda mbele. Haya ni maarifa ya watu, yamejengwa juu ya mfumo ambao serikali iliutunga kwa ajili ya kodi na usalama tu. Ndiyo sababu ninawasihi wanafunzi waanze na watu kabla ya kufungua sheria.

Sheria zenyewe si nyingi. Ile ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Usajili na ada zake husimamiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Ukaguzi barabarani ni kazi ya Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, yaani trafiki. Zanzibar ina mfumo wake, na namba zake huanza na Z. Kimataifa tofauti hiyo ni ya zamani zaidi: gari la Bara likivuka mipaka alama yake ni EAT, la Zanzibar EAZ, herufi zilizobaki tangu enzi za ukoloni. Wazo la kulipatia gari namba lilitangulia hayo yote. Polisi wa Paris waliliagiza mwaka 1893, na Uingereza ikaanza kulitekeleza nchi nzima tarehe 1 Januari 1904. Shabaha ilikuwa ileile tunayoihitaji leo: mtu aliyegongwa na gari lililokimbia aweze kulitaja.

Sasa tuje kwenye namba zisizo za kawaida, ambazo ndizo kiini cha somo hili. Neno hilo limebeba mambo mengi mno. Kuna pikipiki ambayo kibao chake kimevunjika nusu kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, na kijana akaandika nusu iliyobaki kwa rangi na mkono wake. Kuna kibao kilichokunjwa juu kwa makusudi ili kisisomeke kwa nyuma. Kuna tope la masika, ambalo huenda lilirukia lenyewe, na huenda lilipakwa. Kuna namba za 3D, zenye herufi za plastiki zilizoinuka na kung’aa, ambazo wenye magari walizipenda kwa urembo hadi polisi wakazipiga marufuku. Kuna namba bandia kabisa, yaani namba halali ya gari la mtu mwingine iliyochongwa upya. Na kuna namba binafsi, ambapo mwenye gari huandika jina alitakalo kwa idhini ya TRA. Bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada yake kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu.

Tazama hapo pana nini. Ile ya mwisho haifanani na nyingine kwa mwonekano, lakini ni halali kwa sababu imo kwenye daftari na inasomeka. Ile bandia inafanana na nyingine kwa kila kitu, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kwa hiyo umbo si kipimo cha kutosha. Ninapendekeza maswali mawili: je, mgeni anayepita anaweza kuisoma? Na je, akiisoma, inampeleka kwenye chombo hiki na si kingine? Kibao kilichoandikwa kwa mkono kinaweza kuyafaulu yote mawili na bado kikawa kosa kisheria. Namba bandia hufaulu la kwanza na kuanguka la pili. Mwanafunzi asiyetenganisha maswali hayo ataishia kuwahesabu wakosaji bila kujua ni nani amemdhuru nani.

Udhuru wa zamani kwamba namba ni pambo la gari umezidi kukosa nguvu, kwa kuwa namba imegeuka akaunti. Dereva akipigwa tochi kwa mwendo kasi, deni huandikwa kwenye namba, na mwenye gari anaweza kulitazama mtandaoni na kulilipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ada za maegesho zinazokusanywa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, nazo huifuata namba. Zamani trafiki alimwandikia aliyekuwa mbele yake. Leo mfumo unaweza kumdai mtu aliye umbali wa mikoa mitatu. Hilo limeleta nidhamu, na pia limeongeza thamani ya kuficha namba au kuiba ya mwenzako. Mtu aliyenakiliwa namba hupokea faini za njia ambazo hajawahi kuzipita, kisha kazi ya kuthibitisha kwamba si yeye inamwangukia yeye. Katika eneo zima la somo letu, mimi naona dhuluma hii ndiyo iliyoandikwa kidogo kuliko inavyostahili.

Chanzo chake kimoja ni namna vibao vinavyotengenezwa. Nchini Tanzania hutengenezwa na watengenezaji binafsi wanaoidhinishwa, na mwenye gari hupeleka kadi yake. Kenya kwa miaka mingi imevitengeneza ndani ya Gereza la Kamiti, na mwaka 2022 ikazindua namba za kizazi kipya zenye alama za usalama. Uganda iliingia mkataba na kampuni ya Kirusi kwa namba za kidijitali, na mjadala wa faragha ukawaka mara moja. Uingereza ilipitisha kiwango kipya mwaka 2021 kinachotaka herufi ziwe nyeusi tupu, bila vivuli. Dubai nayo ilionyesha upande mwingine kabisa pale namba P 7 ilipouzwa mnadani mwaka 2023 kwa dirham milioni 55 kwa ajili ya hisani. Linganisha nchi hizi kwa utulivu. Kubana mtengenezaji huzuia namba bandia, lakini hakumsaidii kijana wa bodaboda ambaye kibao chake kimevunjika na kingine kinamgharimu safari na kipato cha siku.

Kuhusu utekelezaji nina msimamo, na sitauficha. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na ilikuwa sahihi. Hata hivyo bodaboda ndiye rahisi kusimamishwa, kwa hiyo hesabu ya makosa itamwelemea yeye hata kama madhara makubwa yanatoka kwingine. Msako ukipimwa kwa idadi ya waliokamatwa, utamfuata aliye karibu. Ukipimwa kwa idadi ya namba zilizorudi kusomeka, trafiki atakuwa na sababu ya kumpa mtu muda wa kubadilisha kibao, na kuelekeza nguvu zake kwenye namba bandia, ambazo hazigunduliwi kwa macho bali kwa kulinganisha kadi, chesisi na daftari. Kazi hiyo ni ngumu zaidi na haipigwi picha. Lakini ndiyo inayomlinda mama aliyegongwa jioni akienda sokoni, ambaye alichokiona ni herufi mbili tu.

Ukitaka kuanza utafiti wako, chagua kituo kimoja cha bodaboda na saa moja ya mchana, kisha saa moja ya usiku. Simama hatua kumi na tano nyuma ya kila pikipiki inayoondoka na ujaribu kusoma namba kwa sauti. Andika kama ulisoma yote, sehemu, au hukusoma kitu, na sababu: giza, tope, mzigo uliofunika, kibao kilichovunjika, kibao kilichokunjwa. Waulize wenyewe kwa heshima, ukijitambulisha, kwamba wewe si askari. Namba yenyewe usiiandike. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtafiti makini hana budi kujiuliza kabla ya kukusanya kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, na katika zoezi hili hukihitaji. Unachokihitaji ni kujua kama ilisomeka.