Katuni za Mashujaa Wenye Nguvu za Ajabu: Mzazi Apime Vipi?

SWALI:
Sisi asili yetu Pemba, tunaishi Arusha chini ya Mlima Meru. Wakati wa baridi watoto hawatoki nje, wanashinda na katuni ya Super Sema. Juzi mdogo wao, wa miaka mitano, alijifunga kanga shingoni akataka kuruka kutoka juu ya kabati. Je, tuwakataze?

JIBU:
Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rahma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Katuni hii imetengenezwa Nairobi na ilianza kuoneshwa YouTube mwaka 2021. Sema ni msichana wa miaka 10 anayewalinda watu wa kwao dhidi ya Tobor, mtawala ambaye ni roboti. Husaidiana na pacha wake kwa sayansi na ubunifu.

Hadithi ya watoto haiwi haramu kwa kuwa tu ina ajabu ndani yake. Imepokewa katika Sunan Abi Daawuud kuwa Mtume alimkuta Mama yetu 'Aaishah na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Alipomuuliza, 'Aaishah alimtajia farasi wa Nabii Sulaymaan wenye mbawa. Mtume akacheka, wala hakumkemea.

Mzazi apime mambo matatu:

1. Nguvu inatoka wapi? Shujaa anayejua ghaibu, anayefufua wafu au anayesifiwa kwa uchawi anaharibu 'Aqiydah. Nia njema pekee haitoshi: The 99, ya Naif Al-Mutawa wa Kuwait, iliwapa mashujaa sifa zilizotokana na Majina ya Allaah, na mwaka 2014 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia wakaikataza.

2. Inafunza mwenendo gani? Tazameni mavazi, muziki, lugha, na adabu kwa wazazi.

3. Inamwachia nini mtoto? Ikimpotezea Swalah, Qur-aan, skuli au usingizi, au ikimtia khatarini, izuieni.

Kwa kipimo cha kwanza, Super Sema ina nafuu, kwani sifa yake kubwa ni kufikiri. Cha pili kinahitaji mtazame wenyewe kila sehemu kabla ya watoto. Tatizo lenu kubwa liko kwenye cha tatu. Mtoto wa umri huo bado anaweza kuchanganya mchezo na kweli. Leo anaruka kabatini. Kesho anaweza kuiweka fimbo ya Nabii Muwsaa kapu moja na nguvu za Sema, akadhani zote ni za kubuni.

Kwa hiyo wakubwa waachieni kwa kiasi. Mdogo asitazame kwa sasa mpaka apate fahamu, na mwambieni wazi kuwa binaadamu haruki. Badala yake, jioni za baridi msimulieni visa vya Manabii: hudihudi na Sulaymaan, nyangumi na Yuwnus. Kila mkimaliza mwambieni: hiki kilitokea kweli, kwa uwezo wa Allaah.

Na Allaah Anajua zaidi.