Pemba ina mwani tele, madini joto yako kwenye chumvi

Mtu angetarajia kwamba watu wa visiwani, wanaokula samaki na kulima mwani hatua chache kutoka mlangoni, rovu wangelisikia kwa watu wa bara tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kinyume chake. Pemba, karibu theluthi moja ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu. Unguja, takriban mmoja kati ya watano. Watafiti walipoingia jikoni na kupima chumvi, Unguja zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa kama kaya moja katika mia.

Na Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar.

Madini joto ndiyo malighafi ya homoni zinazotengenezwa na tezi iliyo mbele ya koo. Yakipungua, tezi hutanuka ikijaribu kunasa hata kile kidogo kinachopita kwenye damu, na hilo ndilo rovu tunaloliona. Madhara mabaya zaidi hayaonekani kwa macho: mama mjamzito akipungukiwa sana, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyopaswa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno, lakini kinatakiwa kila siku.

Kwa nini basi mwani usiwe dawa? Jibu la kwanza ni la kibiashara. Kilimo hiki kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na tangu mwanzo zao lililengwa kuuzwa nje. Akina mama hufunga vipando kwenye kamba maji yakipwa, huvuna baada ya wiki kadhaa, huanika, hujaza magunia, na magunia hupanda meli. Mpemba hakuwa na mazoea ya kuula. Alikuwa akiuza.

Huko uendako, mwani huchemshwa viwandani ili utoe karaginani, unga unaofanya vimiminika vishikamane. Kati ya aina za mwani zinazolimwa, spinosamu hutoa karaginani laini, kotonii hutoa ngumu, na hii ya pili ina tabia ya kushikana na protini ya maziwa. Ndiyo maana chokoleti katika maziwa ya pakiti haizami chini, na aiskrimu haigeuki barafu ya chengachenga. Tazama pakiti ya mtindi au soseji nyumbani: ukiona E407 au E407a, umekula mwani. Huenda umetoka Micheweni, Pemba, ukazunguka dunia, ukarudi dukani kwa bei nyingine kabisa.

Karaginani imezua ubishi wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na kuchanganya vitu viwili. Ikichemshwa kwenye asidi kali na joto kubwa, hukatikakatika na kuwa kitu kingine, poligini, ambayo maabara huitumia kusababisha vidonda kwenye utumbo wa wanyama. Mwaka 1983 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka hiyo iliyokatikakatika katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, lakini karaginani ya chakula halikuiweka humo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliipitia upya mwaka 2018 na kuweka kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu nne na nusu, na kuzifikisha kwa aiskrimu kunataka bidii. Mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Jaribio moja la Chicago lililochapishwa mwaka 2017 liliona ugonjwa ukirudi kwa baadhi ya waliopewa karaginani na si kwa wale ambao hawakupewa, ingawa washiriki walikuwa 12 tu, idadi ndogo mno ya kutolea hukumu.

Jibu la pili ndilo zito zaidi: mwani hauna kipimo kimoja. Mwaka 2004 watafiti walipima aina zinazouzwa madukani wakapata mikrogramu 16 za madini joto kwa gramu katika nori, ile karatasi nyeusi inayofungia sushi, na zaidi ya 8,000 kwa gramu katika chembechembe za mwani wa kahawia. Kipande cha kombu, mwani wa kahawia unaopikwa Japani, kisichozidi ukucha kinaweza kumpa mtu madini joto ya siku kadhaa kwa tonge moja. Tezi iliyofurika huweza kuzima kazi, au kwa wengine ikakimbia mbio, moyo ukadunda na mwili ukakonda. Huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, madaktari walieleza katika miaka ya 1960 juu ya rovu la watu wa pwani waliokula kombu kupita kiasi. Rovu la Pemba ni la uhaba, la Hokkaido ni la wingi, na ukimtazama mgonjwa shingoni huwezi kuyatofautisha. Australia nako, mwaka 2009, maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yaliondolewa madukani baada ya wanywaji kuugua tezi.

Mwani mwekundu tunaoulima sisi kwa kawaida una madini joto machache sana kuliko kombu, na kuuchemsha kisha kumwaga maji huyapunguza zaidi. Kwa hiyo achari, jamu na sharubati za mwani wanazotengeneza akina mama wa Zanzibar siku hizi hazinitishi. Zina nyuzinyuzi na madini mengine, na faida inabaki kwa mkulima. Lakini zisiuzwe kama tiba ya rovu, maana hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani. Usafi nao ni jambo la kuangalia: mwani hufyonza metali nzito kutoka majini, na ule ulioanikwa mchangani kwa ajili ya kiwanda si wa kuliwa. Wa jikoni uvunwe mbali na maji machafu, uoshwe kwa maji mengi, uanikwe juu ya chanja. Hijiki, mwani mweusi wa Japani, uepukwe kabisa. Uingereza ilishauri hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya aseniki.

Anayetumia dawa za tezi, na mjamzito anayeuziwa vidonge vya mwani wa kahawia, amwulize daktari kwanza. Wengine wote wasome pakiti ya chumvi. Iwe imeandikwa kwamba ina madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na mvuke, na itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu joto jingi huyapoteza.