Nyumba Mpya Inahitaji Mbunifu Majengo kwa Kiasi Gani?

Kazi ya mbunifu majengo huanza kiwanjani, kabla ya mstari wowote kuchorwa. Huangalia maji ya mvua yanatoka wapi na kuelekea wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, na shimo la choo litakaa wapi ili gari la majitaka liweze kulifikia. Kisha hufuata michoro ya awali, ramani kamili, kibali cha ujenzi, kumpata fundi au mkandarasi, na usimamizi wa kazi yenyewe. Mwenye nyumba anaweza kumtumia katika hatua zote hizo au baadhi tu.

Nchini Tanzania wengi hununua ramani iliyokwisha chorwa, au huazima ya ndugu, wakamkabidhi fundi. Kwa nyumba ndogo isiyo ya ghorofa, kwenye kiwanja tambarare chenye udongo imara, njia hiyo inaweza kufaa ikiwa fundi ni mzoefu. Kasoro hujitokeza ramani inapolazimishwa kwenye kiwanja ambacho haikuchorewa. Dar es Salaam, kwa mfano, jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi hadi linapozama. Ramani ikigeuzwa ili sebule itazame barabara, chumba cha kulala huweza kuangukia upande huo, na tofali za saruji huendelea kutoa joto usiku. Dirisha kubwa halisaidii sana ikiwa upepo hauna pa kutokea. Mbunifu angeelekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, akarefusha paa ili kuta zipate kivuli, na akaweka madirisha yanayotazamana. Kwenye karatasi hayo ni marekebisho madogo. Nyumba ikishapauliwa, ni kubomoa.

Kiwanja chenye mteremko au chembamba sana hudai ramani yake chenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi, humhitaji pia mhandisi wa miundo, sawa na nyumba ya ghorofa: unene wa nguzo na mpangilio wa nondo ni kazi yake, na mbunifu hawezi kuibeba kwa niaba yake.

Usimamizi ndio huachwa kwanza fedha zikipungua. Mwenye nyumba anayeishi mbali, awe Mwanza au Muscat, hapaswi kuuacha kabisa, maana picha za simu hazionyeshi nondo zilizokwisha fukiwa na zege. Kwa anayeweza kufika mwenyewe, ziara chache zinatosha: kabla ya kumwaga zege la msingi, wakati wa kufunga lenta, na kabla ya kuezeka. Fedha zikitosha kwa jambo moja tu, zitumike kwenye kiwanja na ramani, kabla msingi haujachimbwa.

Jina la mbunifu lihakikishwe kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayosimamia taaluma hiyo Tanzania Bara. Mkataba uandikwe, utaje michoro itakayotolewa, idadi ya ziara, malipo ya kila hatua, na nani atalipia michoro mipya mwenye nyumba akibadili mawazo ujenzi ukiwa umeshaanza.