Tafuta Daktari wa Mbwa Wako Kabla Hajaugua

Ijumaa moja, saa nne usiku, mwenzetu hapa ofisini alituma ujumbe kwenye grupu: "Nani ana namba ya daktari wa mbwa?" Mbwa wake wa miezi mitatu alikuwa anatapika na kuharisha damu. Tulimtumia namba tatu. Ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili ilikuwa ya muuzaji wa agroveti. Wa tatu alikubali kuja, lakini akataka nauli kwanza. Akatumiwa. Hakuonekana.

Asubuhi kliniki ilisema ni parvo, ugonjwa unaoua sana mbwa wadogo. Yule mbwa hakupona. Chanjo alikuwa hajapata, kwa sababu ilikuwa inangojea mwisho wa mwezi.

Wengi wetu tungejikuta hapo hapo. Ndio maana leo tunaongea juu ya mambo mawili: daktari na pesa yake.

Utampataje daktari wa kweli?

Kenya ina Bodi ya Madaktari wa Mifugo, yaani KVB, inayosajili madaktari na wasaidizi wao. Muulize daktari nambari yake ya usajili, kisha uithibitishe na bodi. Usione haya, daktari halisi hatakasirika. Kumbuka pia kwamba anayekuuzia dawa kwenye agroveti si lazima awe daktari.

Kabla ya kuondoka, muulize: Usiku unapatikana? Ukija nyumbani unalipisha ngapi? Wewe ukiwa mbali, nimpigie nani?

Piga hesabu mapema

Gharama nyingi za mbwa au paka zinajulikana kabla. Mbwa mdogo huanza chanjo akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe karibu miezi minne. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari. Hii usiiruke hata kidogo: kichaa cha mbwa huua watu pia. Baadhi ya kaunti huchanja bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako.

Ongeza dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na kumfunga uzazi kama hutaki watoto. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, na kila mtoto atahitaji chanjo zake.

Sasa tuseme daktari amekupigia hesabu ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Hiyo ni 500 kwa mwezi. Fungua akiba ya lengo kwenye simu, uipe jina la mbwa wako, na uweke hiyo 500 siku ile ile mshahara unapoingia. Ukiweza, ongeza 200 ya dharura. Ukiona jina lake pale, utafikiria mara mbili kabla ya kuitoa.

Siku ya kulipa

Lipa kwa nambari ya till au paybill ya kliniki. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama si la kliniki wala la daktari, simama, uliza. Usitume nauli kwa mtu usiyemjua, hata akikuambia yuko njiani. Na ujumbe wa malipo usiufute. Ukiwa pamoja na kadi ya chanjo, utakukumbusha ulilipia nini na lini.

Mwenzetu sasa ana mbwa mwingine. Kadi ya chanjo imebandikwa kwenye friji, na namba ya daktari iko kwenye simu yake na ya mkewe. Yako je, umeihifadhi? Anza na hiyo leo jioni.