KILOMITA SITA TU, FAINI YA NINI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu Kaskazini

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya madhara ya dawa za kulevya wala umuhimu wa elimu, kwa maana mambo hayo yameandikwa katika jarida hili hata wino wenyewe umeyachoka. Nimeamua kuandika juu ya lalamiko ambalo kila mpanda matatu amelisikia. Dereva amesimamishwa, ameandikiwa kosa la kwenda mbio, na anaporudi anaupiga usukani kofi na kusema, "Kilomita sita tu! Sita! Huku si kuonewa?" Abiria wote wanaitikia kwa huruma, hata yule nyanya ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akimsihi apunguze mwendo.

Je, ni kweli anaonewa? Hilo ndilo swali langu, na naomba tulichambue bila hasira.

Tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza gari kupita kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara. Nje ya miji, magari ya abiria na malori yamewekewa 80. Hiyo 80 ndiyo iliyokaziwa na marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Kuanzia Februari 1, 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda ya abiria na kidhibiti mwendo, yaani kile ambacho wenyewe wanakiita "gavana". Wazazi wetu hadi leo wanatusimulia jinsi matatu zilivyoadimika siku hizo na watu wakaenda kazini kwa miguu, viatu mkononi.

Mwaka 2016 zikatolewa kanuni za makosa madogo ya barabarani, na humo faini zikapangwa kwa ngazi. Aliyezidi kiwango kwa kilomita 1 hadi 5 anapewa onyo. Aliyezidi kwa 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kutoka 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na kutoka 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Aliyepita hapo hayumo katika orodha hiyo tena, atajieleza mbele ya hakimu.

Hebu tazameni ngazi hiyo vizuri. Mtu aliyekwenda 53 mahali pa 50 halipi hata ndururu. Sheria imekwisha kumsamehe kabla hajaomba msamaha. Wanaolipa wanaanzia 56. Basi dereva anapolia "sita tu", ajue kwamba tano za kwanza alipewa bure, na ile ya sita aliitafuta mwenyewe.

Mjomba wangu, ambaye huendesha pikapu ya kubeba kabeji, hakubaliani nami hata kidogo. Alisimamishwa karibu na soko moja, mashine ikasoma 56, akaandikiwa. Jioni alikuja kwetu na maneno yalikuwa mengi kuliko ugali. "Mpwa wangu, wewe unasoma fizikia," aliniambia. "Hebu niambie, macho ya binadamu yanaweza kujua tofauti ya 50 na 56?" Mama akamjibu kutoka jikoni, "Macho hayajui, lakini mshale ulioko mbele yako unajua, ndugu yangu." Mjomba akasema mshale wa gari lake ni mzee na ile mashine ya polisi ni mwongo. Nikaona hoja hizo mbili zinafaa kupimwa, kwa sababu si yeye peke yake anayezileta.

Kuhusu mshale, yaani spidomita. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, nambari 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda magari. Inasema kwamba spidomita ya gari jipya hairuhusiwi kamwe kusoma chini ya mwendo halisi. Inaruhusiwa kusoma juu, hadi sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4. Watengenezaji hawataki lawama, kwa hiyo huifanya isome juu kidogo. Maana yake ni hii: gari likiwa linakwenda 56 kweli, dereva hakuwa akiona 50 mbele yake. Alikuwa akiona 56 au zaidi, pengine hata 60. Njia moja ya jambo hili kugeuka ni pale mwenye gari anapolivisha magurudumu makubwa kuliko yale ya kiwandani. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na spidomita haina habari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzidi mwendo bila kujua, lakini magurudumu hayo alinunua yeye, hakuvishwa na polisi.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1842 mtaalamu mmoja wa Austria, Christian Doppler, alieleza kwamba mawimbi yanayotoka kwenye kitu kinachokuja kwako hubanana, na ya kitu kinachokwenda mbali hutawanyika. Ndiyo sababu king'ora cha ambulensi husikika chembamba inapokuja, na ikishapita kinakuwa kizito. Rada ya polisi hutumia ujanja huo huo. Inatuma mawimbi, yanaligonga gari, yanarudi yakiwa yamebanana, na mashine inapima yamebanana kiasi gani. Gari likienda mbio zaidi, yanabanana zaidi.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha, na wale wanaouliza kosaini itatufaa wapi maishani wasikilize. Rada husoma sawasawa ikiwa gari linakuja moja kwa moja kuielekea. Lakini polisi hawezi kusimama katikati ya barabara, husimama kando. Kwa hiyo kunakuwa na pembe, na mashine inasoma mwendo halisi mara kosaini ya pembe hiyo. Kosaini haizidi 1 hata ufanyeje. Gari la 56 likipimwa kwa pembe ya digrii 20 litasomeka 52 na kitu. Yaani kosa la pembe siku zote linamsaidia dereva! Mashine ikiwa imesimama kando na bado inasoma 56, basi huenda mwendo wenyewe ulikuwa 57 au 58.

Nilipomweleza mjomba haya alinyamaza kidogo, halafu akasema kwamba serikali inasomesha watoto ili wawageuke wajomba zao.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama nimeajiriwa na trafiki. Ziko nafasi ambapo dereva anaonewa kweli, na lazima zisemwe. Mwanga wa rada, kama wa tochi, hupanuka kadiri unavyokwenda mbali. Magari mawili yakifuatana, lori kubwa la nyuma linaweza kurudisha mawimbi mengi kuliko pikapu ya mbele, na pikapu ikabebeshwa dhambi za lori. Mashine zinazotumia mwali wa leza zina mwanga mwembamba, kwa hiyo ni rahisi kujua ni gari lipi lililopimwa. Pia mashine yoyote isiyopimwa na kurekebishwa mara kwa mara huharibika kama saa ya ukutani. Ndiyo maana dereva asiyekubali kosa ana haki ya kulikana mbele ya mahakama na kuuliza maswali hayo. Kinachosikitisha ni kwamba wengi hawaulizi. Wanaona heri kuitoa noti kimyakimya dirishani. Hapo si faini tena, ni hongo, na kiwango cha 50 kinageuka kuwa bei ya sokoni.

Nchi nyingine nazo zimelifikiria suala hili la kuzidi kidogo. Ujerumani, kwa mfano, mashine ikishasoma, hutolewa kilomita 3 kwa mwendo ulio chini ya 100, ndipo kosa lihesabiwe. Ufaransa hutoa 5. Uingereza wakuu wa polisi wana mwongozo wa kuacha asilimia 10 na maili 2 juu yake. Kenya tukaweka onyo la kilomita 5. Ni wazo lile lile, kwamba binadamu na mashine wote hukosea kidogo. (Tukiwa bado Uingereza, mtu wa kwanza kutozwa faini ya mwendo huko, Walter Arnold, alikamatwa mwaka 1896 akienda maili 8 kwa saa mahali pa maili 2. Polisi alimfukuza kwa baiskeli, akamfikia! Alitozwa shilingi moja.)

Haya, tuseme basi mashine ni nzima na mwendo ulikuwa 56 kweli. Mtu bado atauliza, kilomita sita zina ubaya gani? Nilichukua kalamu na milinganyo ya mwendo tuliyofundishwa.

Tuweke magari mawili sambamba, moja linakwenda 50 na jingine 56. Mbele yao mtoto anaingia barabarani ghafla. Kila dereva anahitaji kama sekunde 1 kuona, kuamua, na mguu kufika kwenye breki. Katika sekunde hiyo hakuna breki, gari linakwenda tu. La 50 linakula mita 14, la 56 linakula karibu mita 16. Kisha breki zinashika. Tuchukue barabara kavu na breki nzuri, zinazopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Gari la kwanza linahitaji mita 14 nyingine, na linasimama likiwa limetumia mita 28 hivi kwa jumla. Mtoto akiwa amesimama mita 28 mbele, gari hilo litasimama huku bampa ikikaribia kumgusa. Atalia kwa hofu, atakwenda nyumbani.

Sasa gari la pili. Ukiuliza rafiki zako watakwambia nalo litakuwa limekaribia kusimama, labda limebaki na kilomita 6 kwa saa. Hesabu inakataa. Mahali pale pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa! Nilirudia mara tatu nikidhani nimeacha nukta mahali. Sababu ni kwamba umbali wa breki hutegemea mwendo mara mwendo, na gari hupoteza mwendo wake mwingi katika zile mita za mwisho kabisa. Zile sita za mwanzo hazibaki sita. Mwishoni zinakuwa 30.

Kilomita 30 kwa saa ni kama mita 8 na nusu kwa sekunde. Ni mwendo anaokuwa nao mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 3 na nusu hivi, anapofika chini. Panda juu ya paa la darasa uangalie saruji iliyo chini. (Usipande, Naibu wa Mwalimu Mkuu anasoma jarida hili.) Na hiyo ni barabara kavu. Mvua ikinyesha, na matairi yakiwa kipara kama tunavyoyaona kila siku, mambo ni mabaya kuliko hayo.

Ndiyo maana 50 imewekwa kwenye masoko na vituo vya biashara, wala si kwenye nyika tupu. Huko ndiko watu wanavuka. Katika nchi yetu, watembea kwa miguu ndio wanaokufa zaidi barabarani kuliko kundi jingine lolote. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye vifo huongezeka kwa asilimia 4. Kutoka 50 hadi 56 ni asilimia 12. Piga mwenyewe.

Na faida ya dereva ni nini? Kituo cha biashara kirefu namna gani? Tukimpa kilomita 10 nzima, jambo ambalo ni nadra, kwa 50 atatumia dakika 12. Kwa 56 atatumia dakika 10 na sekunde 43. Ameokoa dakika 1 na sekunde 17. Makanga wetu hupoteza zaidi ya hizo akitafuta chenji.

Sisi wa shule ya kutwa jambo hili si la vitabuni. Wenzetu wa bweni wanaona barabara mara tatu kwa mwaka. Sisi tunaivuka asubuhi giza halijatoka na jioni tukiwa tumechoka, wengine wakiwa wamewashika mkono wadogo zao wa msingi. Kibao cha 50 kilichokuwa karibu na lango letu kiling'olewa, nadhani kiliishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na sasa limebaki shimo la nguzo. Hapo namtetea dereva mgeni. Atajuaje? Tunaomba kirudishwe, na kama inawezekana kiwe cha mbao au cha saruji, kitu kisichouzika kwa kilo.

Kwa wanaodai nimechezea hesabu, nawaachia zoezi. Matatu mbili ziko barabara kuu, moja inakwenda 80 kama gavana inavyotaka na nyingine 86. Tumieni sekunde 1 ile ile na breki zile zile. Ya kwanza itasimama baada ya mita 57 na nusu. Ya pili itakuwa ikienda mwendo gani mahali hapo? Mimi nimepata 36. Atakayepata tofauti aje na daftari lake darasani kwetu wakati wa chakula cha mchana, dawati la pili kutoka dirishani.