Je, Timu Yetu Bado Imo? Hesabu za Mwisho wa Mashindano

Kila mashindano ya ligi yanapokaribia kwisha, huzuka mabishano ambayo hayana budi kuamuliwa kwa kalamu na karatasi. Katika mkoa wa Arusha mabishano hayo husikika kuanzia Kaloleni, karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hadi Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru. Mmoja husema: "Timu yetu imekwisha." Mwingine hujibu: "La, kihesabu bado imo." Neno hilo "kihesabu" hutamkwa kwa urahisi mno, kana kwamba hesabu yenyewe imekwisha kufanywa. Mara nyingi haijafanywa. Katika makala hii tutaifanya, na tutaona kwamba timu inaweza kuwa imetoka katika mashindano ingawa hesabu ya juujuu inaonyesha kuwa ingali imo.

SWALI LILIVYOZALIWA

Swali hili lilianza kuchunguzwa na wanahisabati kutokana na mchezo wa besiboli, ambao unapendwa sana nchini Marekani. Huko besiboli huchezwa na timu za kulipwa na pia na timu za vyuo vikuu, ambavyo hukusanywa katika ligi za kanda. Mchezo huu una sifa moja ambayo ni muhimu kwetu: kwa kawaida hauna sare. Kila pambano humpa mshindi ushindi mmoja, na timu hupangwa kwa idadi ya ushindi wake.

Chukua timu tatu za vyuo, A, B na C. A na B zina ushindi 20 kila moja, na C ina ushindi 18. C imebakiwa na michezo miwili. Mshabiki wa C atasema: "Tukishinda yote miwili tutafikisha 20, nasi tutakuwa sawa na walio juu. Bado tumo!" Lakini tuseme kwamba A na B zimebakiwa na mchezo mmoja tu, nao ni wa kukutana zenyewe kwa zenyewe. Mchezo huo hauwezi kuisha bila mshindi. Basi A au B itafikisha ushindi 21, na C haiwezi kupita 20. C imekwisha kutoka, wala haidhuru itacheza vizuri namna gani.

Kosa la mshabiki wa C ni kwamba alihesabu pointi za timu yake peke yake, akasahau kwamba wengine nao wangali wanacheza, na kwamba michezo yao lazima itoe ushindi kwa mtu fulani. Mwaka 1966 mwanahisabati wa Marekani, Benjamin Schwartz, alieleza namna ya kulitatua swali hili kwa ligi yoyote ya besiboli, hata iwe na timu nyingi na michezo mingi iliyobaki.

MFANO WETU WENYEWE

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Katika mwaka 2021 Tanzania ilikuwa katika Kundi J la kuwania nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 2022, pamoja na Benin, Madagaska na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo hapa tutaiita Kongo kwa ufupi. Timu ya kwanza peke yake ndiyo ingesonga mbele katika hatua ya mtoano. Baada ya kila timu kucheza michezo minne, hali ilikuwa hivi:

Tanzania: pointi 7
Benin: pointi 7
Kongo: pointi 5
Madagaska: pointi 3

Tanzania na Benin zililingana hata kwa tofauti ya mabao. Tanzania iliongoza kwa sababu ilikuwa imefunga mabao 5 na Benin 3. Ilibaki michezo minne: Tanzania na Kongo, Benin na Madagaska, kisha Madagaska na Tanzania, Kongo na Benin.

Kila mchezo una matokeo ya namna tatu: timu ya kwanza ishinde, zitoke sare, au timu ya pili ishinde. Kwa hiyo michezo minne ina njia 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81, za kumalizika. Idadi hii ni ndogo, nasi tunaweza kuziandika njia zote moja baada ya nyingine na kuona nani angekuwa wa kwanza katika kila njia. Jawabu ni hili: Tanzania ingeongoza peke yake katika njia 27, Benin katika njia 27, Kongo katika njia 11, na Madagaska katika njia 1. Katika njia 15 zilizobaki timu mbili zingelingana kwa pointi pale juu, na mabao ndiyo yangeamua.

Tanzania na Benin zilipata idadi sawa kwa sababu zilikuwa na pointi sawa na zilibakiwa na wapinzani walewale wawili, Kongo na Madagaska. Tazama pia Madagaska. Ilikuwa na pointi 3 tu, lakini haikuwa imetoka. Njia yake moja ilikuwa hii: izishinde Benin na Tanzania ili ifikishe pointi 9, na papo hapo Kongo itoke sare na Tanzania, kisha itoke sare na Benin. Hapo Tanzania na Benin zingebaki na 8 na Kongo 7. Hiyo ndiyo maana halisi ya "kihesabu bado imo": ipo angalau njia moja, na tunaweza kuionyesha.

USIKU WA NOVEMBA 11

Tarehe 11 Novemba 2021, katika uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Tanzania ilifungwa na Kongo mabao 3 kwa 0. Siku hiyohiyo Benin iliifunga Madagaska mabao 2 kwa 0. Msimamo ukawa: Benin 10, Kongo 8, Tanzania 7, Madagaska 3. Ulibaki mchezo mmoja kwa kila timu.

Mwanafunzi wa Arusha aliyekuwa na kalamu usiku ule angeweza kuandika: "Tukiifunga Madagaska tutafikisha pointi 10. Benin ina 10. Kwa hiyo tunaweza kulingana nao, na kihesabu bado tumo." Kujumlisha kwake ni sahihi, lakini hitimisho lake si sahihi. Yeye ni yule mshabiki wa timu C.

Mchezo mwingine uliobaki ulikuwa kati ya Kongo na Benin. Kama Benin ingeshinda, ingefikisha 13. Kama wangetoka sare, Benin ingefikisha 11. Kama Kongo ingeshinda, Kongo ingefikisha 11. Hapana tokeo la nne. Katika kila hali timu moja ingekuwa na pointi 11 au zaidi, na Tanzania isingeweza kupita 10. Safari ya Tanzania ilikuwa imekwisha usiku ule, siku tatu kabla ya mchezo wake wa mwisho.

Tarehe 14 Novemba Tanzania ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Madagaska, na huko Kinshasa Kongo iliifunga Benin 2 kwa 0. Kongo ilimaliza na pointi 11, Benin 10, Tanzania 8 na Madagaska 4.

MAJI NA MIFEREJI

Tulipokuwa na mchezo mmoja tu wa kuchunguza, jawabu lilionekana upesi. Je, tungefanya nini kama ingebaki michezo ishirini kati ya timu kumi? Hapa wakulima wa Meru wanaweza kutusaidia kufikiri.

Tangu zamani Wameru na Waarusha wamechimba mifereji katika miteremko ya mlima ili kuyapeleka maji ya mito na chemchemi kwenye mashamba yao. Kila mfereji una ukubwa wake, na kila shamba lina kiasi cha maji linachoweza kupokea. Maji yakizidi kiasi hicho, hufurika.

Sasa fikiri kwamba kila mchezo uliobaki ni chemchemi, pointi ni maji, na kila timu ni shamba. Tunataka kujua kama Tanzania ingali imo. Kwanza tuipe Tanzania ushindi wote uliobaki, ifikishe 10. Kisha tuyapime mashamba ya wengine. Benin ina 10 tayari, hivyo haiwezi kupokea hata tone moja bila kuipita Tanzania. Kongo ina 8, hivyo inaweza kupokea 2 tu. Chemchemi ya mchezo wao ni lazima imwage maji: 3 kwa Kongo, au 3 kwa Benin, au 1 kwa kila mmoja. Namna yoyote itakayokuwa, shamba moja litafurika. Tanzania imetoka.

Njia ya Schwartz ni hiyo. Yeye alitumia nadharia ya mtiririko katika mitandao, iliyokuwa imeandikwa na Lester Ford na Delbert Fulkerson katika miaka ya 1950. Kanuni yao kuu husema kwamba kiasi kikubwa kabisa cha maji kinachoweza kupita katika mtandao huamuliwa na mahali pembamba kabisa pa kuukata mtandao huo. Mkulima anayejua kwamba kupanua mfereji wa chini hakumsaidii kitu iwapo banio la juu ni jembamba, anaijua kanuni hii ingawa hajaiandika.

KWA NINI KANDANDA NI NGUMU KULIKO BESIBOLI

Katika besiboli kila chemchemi humwaga kiasi kilekile, ushindi mmoja. Katika kandanda ya zamani, ambapo ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare pointi 1 kwa kila timu, kila mchezo ulimwaga pointi 2 daima. Hesabu za namna hii kompyuta huzimaliza upesi, hata ligi iwe kubwa.

Lakini Uingereza ilianza kutoa pointi 3 kwa ushindi mwaka 1981, na Kombe la Dunia lilifuata mwaka 1994. Tangu hapo mchezo wenye mshindi humwaga pointi 3, na mchezo wa sare humwaga 2. Chemchemi hazina tena kiasi kimoja. Badiliko hili dogo lina matokeo makubwa: wanahisabati wamethibitisha kwamba, kwa kanuni ya pointi 3, swali la kama timu ingali imo ni miongoni mwa maswali magumu ambayo hayajapatiwa njia ya haraka inayofaa kwa kila ligi, na wataalamu wengi huamini kwamba njia hiyo haipo.

Kuandika njia zote hakusaidii. Ligi ya timu 16, kama Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilivyokuwa msimu wa 2021/22, ina michezo 8 katika kila mzunguko. Ikibaki mizunguko mitano, ni michezo 40. Njia za kumalizika ni 3 zidisha kwa 3 mara arobaini, idadi yenye tarakimu 20. Kompyuta inayokagua njia bilioni moja kwa kila sekunde ingehitaji miaka 385 hivi. Kwa bahati nzuri, katika ligi za kweli njia nyingi huweza kuachwa kwa mafungu bila kukaguliwa moja moja.

KUHESABU SI KUBASHIRI

Yafaa tutoe onyo moja. Kwamba Tanzania ilikuwa na njia 27 kati ya 81 hakuna maana kwamba uwezekano wake ulikuwa theluthi moja. Tungesema hivyo kama njia zote zingekuwa na uzito sawa, lakini timu si sarafu inayorushwa. Nguvu ya wachezaji, uwanja wa nyumbani na majeruhi huzipa njia fulani uzito kuliko nyingine. Kongo ilikuwa na njia 11 tu, na ndiyo iliyosonga mbele. "Je, inawezekana?" ni swali moja, "Uwezekano wake ni kiasi gani?" ni swali jingine. La kwanza hujibiwa kwa uthibitisho, la pili kwa takwimu.

ZOEZI KWA DARASA

Mwalimu anaweza kuligawa darasa katika vikundi tisa, na kila kikundi kikaandika njia tisa kati ya zile 81. Vikundi vikikusanya majibu yao na kupata 27, 27, 11, 1 na 15, kazi imefanywa sawasawa.

Kisha wanafunzi wajiulize: je, kama Tanzania ingetoka sare na Kongo usiku wa Novemba 11? Msimamo ungekuwa Benin 10, Tanzania 8, Kongo 6, Madagaska 3. Sasa Tanzania ingeweza kufikisha 11, na shamba la Benin lingekuwa na nafasi ya pointi 1. Tanzania ingekuwa imo: ingeifunga Madagaska, na Kongo ingeifunga Benin, Tanzania ingekuwa ya kwanza peke yake.

Mwisho, tuchukue sare hiyo pamoja na matokeo ya kweli ya Novemba 14. Je, nani angekuwa wa kwanza? Wengi watajibu Tanzania au Kongo. Jumlisha kabla ya kujibu: Tanzania 9, Kongo 9, Benin 10. Benin, iliyofungwa siku ya mwisho, ndiyo ingesonga mbele.